Nyumba Tatu, Ruta Moja

Jumapili, 11 Januari

Nimenunua daftari hili kwa sababu moja: furaha niliyo nayo nikiiacha bila kuiandika, nitakuja kudhani niliiota. Leo ni siku ya kumi na tano tangu Padre atufungishe ndoa, mimi Brightness, binti wa fundi wa kuchomelea vyuma wa Kizota, na Romani wangu, mchora ramani za nyumba, mtu wa Chemba. Tunaishi Makole, vyumba viwili na sebule, uwanja mmoja na wapangaji wengine wawili. Mvua imeanza asubuhi na haijakatika. Tumerudi kanisani tumelowa chapachapa, na Romani amenikausha miguu kwa taulo akisema, "Mke wa mtu asije akapata mafua mikononi mwangu." Mke wa mtu! Mtu mwenyewe si ndiye yeye? Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai.

Baba hakutupa kabati wala kitanda kama baba wengine. Alitupa kompyuta ya mezani, iliyotumika chuoni lakini nzima, pamoja na printa, akasema mbele ya ukumbi mzima, "Binti yangu alijifunza kuchapa baada ya kidato cha nne. Sitaki akae mlangoni kusubiri kuletewa." Kompyuta hiyo ipo sebuleni. Laptopu ya Romani ipo chumba cha pili, kwenye meza yake ya kuchorea. Jioni zikiwaka zote mbili naziangalia, naona kama nazo zimetoka fungate.

Jumatano, 14 Januari

Mwalimu Sidonia amekuja kwangu! Alinifundisha Kiswahili kidato cha tatu, siku hizi ndiye mwalimu wa taaluma pale shuleni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ndoa imekunenepesha, au ni hilo gauni?"

Alikuja na kazi. Shule tano za jirani hutunga mtihani mmoja wa ujirani mwema kwa kidato cha nne, wanafunzi wote wakaufanya siku zilezile. Ukivuja shule moja, tano zote zimepata hasara. Mwaka jana ulichapwa kwenye steshenari moja ya mjini, na maswali yakazagaa kwenye simu za watoto kabla ya siku. "Safari hii nimewaambia wakuu wa shule, ninaye msichana wangu, namjua tangu ana soksi zimetoboka. Nimekuwekea dhamana jina langu, Brightness."

Nichape masomo saba. Mume wangu anaruhusiwa kuchora michoro. Tarehe 25 Februari atakuja mwenyewe kuchukua karatasi zilizochapwa, na mtihani unaanza tarehe 2 Machi. Sharti moja akalirudia mara mbili: asione flashi. "Flashi inasahaulika mfukoni, kesho imechomekwa kwa mtu mwingine. Maswali yasitoke nyumba hii."

Nilimuahidi. Nilitaka hata kuapa, akanizuia.

Ijumaa, 16 Januari

Mvua. Nimechapa Kiswahili. Romani amepika wali wa nazi, umeungua kidogo chini, na ukoko tumeugombania.

Jumamosi, 24 Januari

Hisabati imenisimamisha. Kila swali linataka mchoro, na michoro ipo kwenye laptopu ya Romani, na flashi hairuhusiwi.

"Flashi ya nini?" Romani akasema. "Kompyuta zote zipo kwenye waifai moja. Tunatengeneza folda kwako, mimi natumbukizia michoro kutoka huku chumbani. Hakuna kinachotoka nyumbani."

Nilimtazama kama nabii.

Waifai yenyewe ni ya uwanja mzima. Ruta, kile kisanduku cha kurushia waifai, ipo sebuleni kwa Baba Zamda, mtumishi wa wizara aliyehamia kutoka Dar, na nyumba zote tatu tunachangia intaneti: wao, sisi, na Optatus dereva, ambaye ana simu tu. Huyu Baba Zamda simpendi sana. Kila tukikutana bombani ananiuliza, "Bibi harusi, mbona intaneti nzito? Mnapakua nini kutwa nzima?" Akisafiri anaizima ruta kama vile anazima taa ya choo.

Basi nikaunda folda, nikaiita MITIHANI. Romani akafungua kwake mahali panapoonyesha kompyuta zilizo karibu. Anaona yake peke yake, ya kwangu haipo. Ukuta mmoja wa tofali umetutenganisha, na kompyuta hazionani! Tumehangaika saa tatu nzima. Mwisho nilimsikia ananong'ona Kisandawe, zile sauti za kudonoa kwa ulimi ambazo mimi nikijaribu mama mkwe anacheka mpaka anakaa chini.

"Unaiambia nini?"

"Naisalimia. Labda haikufundishwa adabu."

Jumatatu, 26 Januari

Imeonekana! Romani aligundua kwamba chuoni ilikotoka, kompyuta yangu ilielekezwa kuuona kila mtandao kama wa hadharani, kwa hiyo inajificha. Akaiambia kwamba hapa ni nyumbani. Kisha akakuta kompyuta zetu zimewekwa kwenye makundi yenye majina tofauti, akayafananisha, tukazima, tukawasha. Jina langu likatokea kwenye kioo chake. Nikapiga vigelegele. Mama Zamda akaita dirishani kwake:

"Kuna nini huko? Mimba?"

"Hapana, Mama Zamda! Kompyuta!"

"Aaa," akasema, akafunga dirisha.

Ila Romani akibofya folda, inamdai neno la siri.

Jumatano, 28 Januari

Umeme umekatika tangu asubuhi. Tumekaa barazani kutazama maji yakipita.

Jumamosi, 31 Januari

Shida tumeijua. Kompyuta yangu haina neno la siri, na laptopu ikienda mikono mitupu inakataliwa mlangoni. "Weka neno la siri kwako, nitaliandika mara moja, yataisha," Romani alisema.

Nikakataa. Najua ni jambo dogo, lakini moyo ulikataa. Nyumbani Kizota kila kitu kilikuwa na kufuli: karakana, kabati, hadi kopo la sukari, na Mama alikuwa akiomba funguo kama mgeni. Niliapa nyumba yangu haitakuwa hivyo.

"Romani, nikuwekee kufuli wewe?"

Alinishika shavu. "Basi, usiweke. Nitatafuta njia nyingine."

Nampenda mtu huyu hadi naogopa.

Alhamisi, 5 Februari

Pembetatu imefika! Nilikuwa nimekaa sebuleni, na kwenye folda ikatokea yenyewe, imenyooka, na herufi zake A, B, C. Machozi yamenitoka kwa ajili ya pembetatu.

Romani amezima ile habari ya kudai neno la siri, amezima ukuta wa kinga wa kompyuta yangu uliokuwa unamzuia, na kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufungua folda ameandika Kila Mtu.

"Kila Mtu ni nani?" nilimuuliza.

"Mimi na wewe. Kuna nani mwingine humu?"

Jumamosi, 14 Februari

Hivi ndivyo nilivyotaka kuishi. Mimi huku nachapa swali, yeye kule anachora moyo wa binadamu, ramani, duara lenye mkato. Hatuonani lakini najua anafanya nini. Leo nimekuta faili ambalo sikuliagiza, linaitwa SWALI LA 15. Nikalifungua. Amenichora mimi, nimeinamia kompyuta, nywele zimetimka, na chini ameandika: "Mke huyu amepatikana wapi? (Alama 10)."

Nilimjibu kwa maandishi: "Kizota. Onyesha njia."

Jumatano, 18 Februari

Jumatano ya Majivu. Majirani nao wanasubiri mwezi waanze kufunga. Uwanja umetulia.

Jumapili, 22 Februari

Masomo yote saba yamekamilika. Keshokutwa naanza kuprinti. Mahindi ya uani yamenifika kiunoni.

Jumatatu, 23 Februari

Sijui nianzie wapi.

Saa kumi na moja jioni mlango uligongwa. Baba Zamda. Midomo imemkauka kwa saumu, ameshika laptopu yake ya ofisini kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Nikajua amekuja kulalamikia intaneti.

"Mumeo yupo?"

"Yupo. Karibu, Baba Zamda."

Hakukaa. Alifungua laptopu juu ya meza yetu ya chakula. "Siku ya Ijumaa nilikuwa natafuta printa kwenye waifai. Nikakuta hiki."

Kwenye kioo chake palikuwa na jina la kompyuta yangu. Akabofya mara moja tu. Folda ikafunguka. MITIHANI. Kiswahili, Historia, Hisabati, yote saba.

Romani alitoka chumbani, akatazama, akasema taratibu, "Ruta."

Kila Mtu. Ruta moja, nyumba tatu. Ukuta wa tofali tuliokuwa tunauona ndio mwisho wa nyumba yetu, waifai haiujui.

"Umefungua lolote, mzee?" Romani akauliza.

Baba Zamda alitazama chini. "Hisabati. Nikaona swali la kwanza, nikafunga."

Zamda wao yupo kidato cha nne, shule ileile ya Mwalimu Sidonia. Hisabati muhula uliopita alipata kumi na tisa. Uwanja mzima tulijua, kwa sababu mama yake alililia matokeo hayo nje.

"Leo Jumatatu," nikasema. Sauti yangu ilitoka vibaya. "Umeona tangu Ijumaa."

"Ndiyo, mwanangu. Siku tatu. Sitakudanganya, mkono uliniwasha. Nilijiambia, Hamza, ni binti yako, nani atajua? Nimefunga kula, nimefunga kunywa, lakini hili limenikaa kooni. Nimeshindwa kusubiri adhana nikiwa nalo."

"Zamda je? Huwa anaitumia hii laptopu?"

"Jumamosi alisomea noti zake humu. Naamini hakuona. Lakini nisiapie kitu ambacho sikukishuhudia."

Mzee alipoondoka, Romani alikata kila kitu. Folda ikafungwa. Kisha akakaa, akasema maneno ambayo sikutarajia kuyasikia kwake.

"Mzee ameona swali moja, na amefunga. Imeisha, Brai. Keshokutwa Mwalimu anachukua karatasi zake."

"Na Zamda?"

"Baba yake amesema hakuona."

"Amesema haapi."

"Sasa wewe unataka nini? Ukimwambia Mwalimu, mtihani wa shule tano unafutwa. Jina lako limekwisha. Na la kwake, aliyekuwekea dhamana. Kwa swali moja!"

"Romani, wewe ndiye uliyefungua."

"Na wewe ndiye uliyekataa neno la siri!"

Kweli zote mbili. Tumekula tukitazama sahani, kwa mara ya kwanza.

Jumanne, 24 Februari

Asubuhi Romani aliondoka kwenda Msalato, kuna mtu anajenga huko. Mlangoni alisema, "Usiende. Nakuomba." Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayeogopa. Niligundua kwamba katika siku zote hizi sijawahi kumwona akiogopa, na kwamba mtu wangu anayejua kila kitu anaweza kukosea kabisa, akiwa na macho yaleyale mazuri.

Niliosha vyombo. Nikavaa gauni la kanisani. Nikatembea hadi shuleni, viatu mkononi, kwa sababu ya tope.

Mwalimu Sidonia alikuwa ofisini anasahihisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Zimekwisha? Si tulisema kesho?"

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Folda, waifai, Kila Mtu, Ijumaa hadi Jumatatu. Kwamba jirani ana binti hapa shuleni, na kwamba ndiye aliyekuja kusema mwenyewe. Alisikiliza bila kunikatiza, kalamu nyekundu hewani.

"Mimi nilikukataza flashi," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Flashi ingekuwa imelala kwenye droo." Akafunika kalamu. "Nani mwingine anajua?"

"Mume wangu na huyo jirani."

"Kwa hiyo ungenyamaza, nisingejua kamwe."

"Usingejua."

Nilidhani atanifariji, kama alivyonifariji siku nilipofeli majaribio. Hakunifariji. Alisema, "Nenda nyumbani. Futa kila kitu. Mimi nina simu tano za kupiga, na sijui naanza na maneno gani." Nilipofika mlangoni akaniita. "Brightness. Vaa viatu, kuna misumari hapo uani."

Nimelia njia nzima. Mvua ilinisaidia, hakuna aliyejua.

Romani alirudi saa kumi na mbili. Nikamwambia nimekwenda. Alikwenda kukaa mbele ya meza yake ya kuchorea, hakuwasha hata taa.

Jumatano, 25 Februari

Bado hatuongei sawasawa. "Chumvi." "Hii hapa."

Alhamisi, 26 Februari

Mwalimu amenipigia simu saa nane. Wakuu wa shule zote tano walikutana leo asubuhi. Mtihani umefutwa. Walimu wanatunga maswali mapya, utachapwa ofisini kwa mkuu mmojawapo, na utaanza tarehe 9. Mimi sitapewa tena kazi yao yoyote. Yeye amepewa barua ya onyo, na ameondolewa kwenye kamati.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nimekuwekea dhamana, dhamana ndiyo hiyo. Sasa sikiliza lingine. Ulijua mumeo atakuja?"

"Wapi?"

"Kwenye kikao. Hakuitwa, alikuja shuleni kunitafuta, akaelekezwa tulipo. Amesimama mlangoni, suruali tope hadi magotini, akasema ana neno moja. Mkuu mmoja akamfukuza, hakuondoka. Akasema, 'Mke wangu alichapa tu. Aliyeacha wazi ni mimi. Na nilimwambia anyamaze, akakataa. Mkiandika, andikeni hivyo.' Basi tumeandika hivyo."

Nilikaa chini sakafuni na simu.

Aliporudi hakusema alikuwa wapi. Nilimwacha anywe maji. Kisha nikamwambia, "Mwalimu amepiga." Akaficha uso. Mtu mzima, bega lake pana vile, kaficha uso kwa mikono kama mtoto. Wakati wa harusi nilimpenda kwa sababu nilidhani hakosei. Leo nimempenda kwa uzito mwingine, siwezi kuupima. Nilimshika kichwa, tukakaa hivyo mpaka maharage yakaungua.

Jumamosi, 28 Februari

Nimeweka neno la siri kwenye kompyuta yangu. Nimemwambia Romani, na yeye tu. Amewasha tena ukuta wa kinga, amefuta Kila Mtu, ameandika jina langu, na laptopu yake imeingia bila shida. Dakika nne! Wiki mbili za kuhangaika, na dawa ilikuwa dakika nne. Tulitazamana, hatukujua tucheke au tulie.

Nilimuuliza Baba Zamda kama kwake inaonekana. Alijaribu mbele yangu. "Inanidai neno la siri, bibi harusi," akasema, na nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Alhamisi, 5 Machi

Kadi za mwaliko, harusi moja. Kazi ndogo, lakini nzuri. Mvua zimepungua.

Jumatatu, 9 Machi

Zamda ameondoka saa moja kasoro, sare imenyooshwa, mkebe wa hesabu mkononi. Hajui lolote, anajua tu kwamba mtihani uliahirishwa. Baba yake alisimama getini hadi alipopotea kwenye kona, akabaki pale pale. Nilimpelekea kiti. Hakukaa, ila alishukuru. Muda mrefu nilimdhania kuwa mchoyo na mbea. Leo nimewaza: siku tatu alikuwa na mtihani mzima wa mwanawe mezani kwake, na hakuna mtu duniani aliyemwona. Sijui kama mimi ningegonga mlango.

Jumamosi, 21 Machi

Idi. Mama Zamda ametuletea pilau sinia zima. "Kuleni mnenepe, sijasikia vigelegele siku nyingi."

Jumanne, 24 Machi

Jua kali, anga tupu. Tulikuwa barazani mimi na Romani, tunamenya mahindi mabichi ya uani, tukamwona Baba Zamda anakuja mbio mbio na kandambili, karatasi mkononi.

"Thelathini na nane!"

"Ya nini, Baba Zamda?"

"Hisabati! Muhula uliopita kumi na tisa. Thelathini na nane, jirani! Amefaulu!"

Nyuma yake Zamda alitokeza mlangoni kwao, amejitanda khanga, uso wote aibu. "Baba! Ni D! Unatangaza D uwanja mzima?"

"Nitangaze nini, hewa?" alimjibu bila kugeuka. Akaninyooshea karatasi kwa mikono miwili. "Tazama mwenyewe, mwanangu. Hizi alama ni zake. Zote thelathini na nane, ni za kwake."

Niliishika. Wino mwekundu kila mahali, makosa mengi, vema chache, na kila vema niliitazama. Romani alichungulia begani kwangu, akatikisa kichwa. "Aliyechora hii pembetatu hajawahi kushika rula."

"Wewe nyamaza," nikamwambia, huku nalia.

Baba Zamda aliichukua karatasi yake, akaikunja taratibu, akaikunjua tena. Kisha akavuka uwanja, na tukamsikia anagonga kwa Optatus.